Sola ya Mahari

Redio ilitangaza kwamba bei ya sola imeshuka tena, na pale Nkwenda, kijiweni kwa Vero muuza kahawa, kila mtu akageuka mtaalamu. Aliyenuna ni Abdulghani mwenye duka la sola. Tunamwita Bei ya Jana, maana ukimtajia bei uliyoisikia anakwambia hiyo ilikuwa ya jana. Alilalamika kwamba zamani paneli moja ilikuwa ng'ombe mzima. Siku hizi mtu anaingia dukani na jogoo kwapani na bado anaomba apunguziwe.

Hapo Kahigi akachomoa mfukoni punje za kahawa ya kutafuna, akampa Mutalemwa kwa mikono miwili. Kahigi ndiye alikuwa mshenga Mutalemwa alipomwoa Deodatha, na kahawa ya namna hiyo haiji bila neno zito.

"Baba mkwe wako kanituma kutoka Kimuli," akasema. "Ile sola uliyotoa badala ya ng'ombe wa mwisho wa mahari imeshuka thamani. Anataka ng'ombe wake."

Mutalemwa akabaki na kahawa shavuni. Zizini ana ng'ombe mmoja tu, ndiye maziwa ya watoto na samadi ya migomba. Nilimwonea huruma, lakini nikacheka. Kijiweni ndivyo tulivyo.

"Na ingepanda bei," Vero akauliza huku akimimina, "mzee angerudisha chenji, au angemwongezea Mutalemwa shemeji awe mke wa pili?"

Kahigi akajitetea kwamba ng'ombe angezaa, sola haizai. Bei ya Jana akamwambia aache uongo, Kimuli nzima inachajia simu kwa yule mzee kwa pesa, na hao ndio ndama wenyewe.

Mutalemwa akameza. "Mshenga, hizi habari za bei mzee kazitoa wapi?"

"Redioni. Anasikiliza kutwa."

"Redio ya betri?"

Kahigi akakikodolea macho kikombe. "Betri za wapi? Anaiwasha kwa ile sola."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mutalemwa hakucheka. Alichukua kahawa iliyobaki, akamrudishia Kahigi kwa mikono miwili vilevile.

"Mpe mzee shikamoo yangu. Mwambie azime redio, aing'oe sola, aje nayo. Ng'ombe atamkuta kafungwa mlangoni."

Kahigi akapanda baiskeli yake bila kuaga. Mpaka leo mzee hajatokea. Jumapili kulikuwa na mpira redioni.