Dungusi Lenye Ndevu

Appolinaire hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango. Appolinaire alikuwa akifunguliwa, tena akipewa na kiti. Asubuhi ile alikuwa Mbarara, anakula katogo ya ndizi kwenye mgahawa wa Karekezi, tajiri wa ng'ombe, huku akiwaza apate wapi ng'ombe mtamba. Kule Rubondo, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Mzee Kayumba alishatamka: bila mtamba, binti yake Viviane haolewi. Na Patrice mwenye duka la simu alikuwa anazungukazunguka pale nyumbani.

Mara akamwona Karekezi akiwaonyesha wateja picha ya dungusi kwenye simu.

"Ona hii kitu! Kaktusi ya milima mirefu huko mbali. Inaota ndevu nyeupe, inatoa maua nyekundu. Wazungu wanatafuta hii sana, ssebo!"

Appolinaire akanawa mikono, akasogea kwa adabu zote.

"Patron, hiyo? Mama alitoka nayo kwetu, mu milima ya juu, fasi ya baridi mingi. Tunafungiaka mbuzi pale."

"Yako iko na ndevu?"

"Kupita pasta wetu."

Karekezi akameza mate. Mbele yake aliona mkimbizi anayefungia mbuzi kwenye mali ya bei ya gari zima. "Nitakupa mtamba," akasema harakaharaka, kabla mjinga wake hajazinduka. Wakapeana mikono, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Kazi ikaanza. Appolinaire alikata dungusi la kawaida kando ya barabara, akalipanda kwenye kopo la mafuta ya msaada, akalipaka gundi ya viatu na kulivisha manyoya meupe ya mbuzi, unyoya mmoja mmoja, miiba ikimtoboa vidole. Juu akachomeka ua jekundu la plastiki kutoka kwenye mapambo ya harusi, akalipulizia marashi. Bwana wee, lilipendeza! Hata yeye nusura alinunue.

Kilichobaki ni mahali pa kubadilishana. Mtamba hafichiki kambini; majirani wangeuliza ametoka wapi. Ndipo akili yake, ambayo ilikuwa haijawahi kumwangusha, ikamnong'oneza: Jumapili ya mavuno! Siku hiyo uwanja wa kanisa hujaa mbuzi, kuku na magunia ya mihogo. Nani atamshangaa mtamba mmoja? Na tapeli mwenye Biblia kwapani, nani atamshuku?

Jumapili hiyo asubuhi Karekezi akafika uwanjani na mtamba kwenye pikapu. Alipoliona dungusi, macho yalimtoka.

"Mama wee! Inanukia!"

"Usiguse maua, patron. Na maji hapana, miezi tatu. Inapendaka heshima."

Tajiri akalipakata dungusi lake, akaondoka mbio asije mjinga akabadili mawazo. Appolinaire akamfunga mtamba katikati ya mbuzi, akaingia kanisani, akaimba kwa moyo wote. Viviane alikuwa kwenye kwaya, anamtazama.

Shemasi Ladislas akasimama. Sasa, kazi ya shemasi siku ya mavuno ni kuzunguka uwanjani kabla ya mahubiri. Chochote kilichofungwa pale ni cha Bwana. Kimeletwa kinadiwe, fedha ziende kanisani. Ndivyo ilivyokuwa tangu huko kwao milimani, na Appolinaire alilijua hilo tangu akiwa mtoto. Siku hiyo furaha ilikuwa imemsahaulisha.

"Bandugu!" shemasi akalia, sauti ikimkatika. "Batu banaletaka kuku. Batu banaletaka muhogo. Leo ndugu yetu Appolinaire, hana bibi, hana shamba, ameleta ngombe! Nimemuona na macho yangu akimufunga!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Akina mama wakamtupia vitenge begani. Appolinaire akafungua kinywa aseme mtamba ni wake. Lakini aseme kampata wapi? Kwa dungusi gani? Akakifunga, akakifungua tena, na kilichotoka ni "Amina."

Mnada ukapigwa papo hapo. Mzee Kayumba, aliyekuwa ameuza maharage yake yote wiki hiyo, akataja bei, na kwa heshima ya mvi zake hakuna aliyeipandisha. Appolinaire alilia waziwazi. Waumini wakasema, jamani, huyu ameguswa na Roho.

Baada ya ibada mzee akamjia, kamba ya mtamba mkononi, Viviane nyuma yake anatabasamu.

"Mukwe wangu," akasema, "mimi nilikuwa nakuonaka kama muongo. Unisamehe."

"Hapana shida, papa." Akamtupia Viviane jicho. "Basi... ndoa?"

"Ndoa iko! Nilikuwa nataka ngombe moja tu, kumbe nilikuzarau." Mzee akampiga begani kwa upendo mwingi. "Mutu anatoa moja bila kuombwa, sasa akiombwa atatoa ngapi? Utaleta mbili."

Viviane akapiga kigelegele kilichosikika mpaka kisimani.