Nilivyotoweka na Kuacha Suruali

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo ukumbi wa video wa Sadiya hapa Chechelesi umejaa mpaka mlangoni. Wote kwa ajili ya sauti yangu! Mimi Mutuma ndiye mshika maikrofoni, natafsiri tamthilia za Kizungu papo hapo. Kizungu chenyewe tuliachana nacho darasa la saba, kwa ubaya. Si neno. Nikiona mdomo unacheza, najua unachosema.

Tamthilia mpya ni moto. Nusu ya dunia inatoweka ghafla, nguo zinabaki kwenye viti! Waliobaki wanalia kila kipindi. Nikatangaza kwamba waliotoweka wako mwezini, wanakula vizuri. Watu hoi.

Jumanne, 10 Juni

Aibu! Mzee Mako ametoka kijijini Biliqo kutibiwa macho, kwa hiyo tamthilia anaitazama kwa masikio. Akauliza: na mifugo je? Nani anainywesha? Nikamwambia mifugo nayo ilipaa, yote. Hapo hapo ng'ombe akalia kwenye televisheni. Mooo! Mara mbili!

Emuron, yule fundi wa simu wa jirani anayejigamba na kidato cha nne, akasimama. Akamwambia mzee eti buda, huyu anawapiga kamba, hata hao Wazungu hawajui watu wao walienda wapi. Sadiya akaniambia wewe Mutuma, uongo mmoja tena, maikrofoni ni ya Emuron.

Maikrofoni yangu!

Jumatano, 11 Juni

Nimepata dawa. Nitatoweka! Nguo kwenye kiti, maikrofoni juu yake, mimi nje kupitia bati legevu la nyuma. Watapiga mayowe. Sadiya atalia. Emuron atatubu. Kisha narudi na habari za mwezini, nani atabisha?

Nimefanya mazoezi ya kuvua suruali kwa sekunde nne. Mathe, mama yangu mwenyewe, alinikuta, akauliza kama ni viroboto.

Alhamisi, 12 Juni

Wueh! Wueh!

Saa kumi jioni, macho yote yakiwa kwenye televisheni, nikavua, nikateleza nje na kaptula tu. Nikangoja mayowe. Wapi! Kisha Sadiya akalalamika kwamba huyu kijana ameacha nguo chafu kwenye kiti chake. Kisha sauti ya Emuron. Kwenye maikrofoni!

Mzee Mako akauliza tena mifugo. Emuron akajibu: mzee, hawajasema, na mimi sijui. Nikacheka. Amekwisha! Mtafsiri gani hajui?

Ukumbi ukapiga makofi. Nikachungulia: mzee anamtemea mate ya baraka kichwani. Mate! Mimi miezi saba pale, sijapata hata tone.

Mara yowe, nyuma yangu. Kina mama wa kanisa wakienda maombi! Kajuju, kiongozi wao, akaniwekea mikono akikemea pepo la uchi. Mathe alikuwa kati yao. Akasema hanijui.

Ijumaa, 13 Juni

Maikrofoni imeenda. Sadiya amenirudishia nguo, amezifua hata. Akasema karibu, njoo utazame kama wengine. Kutazama! Mimi!

Nimewaza mchana kutwa, na kosa nimeliona. Ni dogo tu. Mpango ulikuwa safi, ila kilichotoweka ndicho kisichofaa. Kesho asubuhi Sadiya akienda sokoni, itatoweka televisheni. Kile kitambaa cha kufuma kinachoifunika nitakiacha mezani, nimekinyoosha vizuri.

Tuone Emuron atatafsiri nini.