Namba Moja Tu Juu ya 63

Jumatatu, 4 Machi 2019
Nimeinunua! Sarafu ya dhahabu, dola ishirini, ya mwaka 1904, ndani ya kasha lake la plastiki. Wakaguzi wa sarafu wameipa daraja 63 kati ya 70. Hela ilikuwa ya kutengeneza paa linalovuja. Mke wangu Darlene hakupiga kelele. Alisogeza ndoo chini ya tone, akasema niiuze kwa faida kabla ya Jumamosi au nikalale kwenye gari. Sawa. Faida ipo, tena nono.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji Thurman, kaka yake Darlene, kaja kula pai yetu na kunionyesha sarafu yake. Ya mwaka uleule. Daraja 64! Namba moja tu, bei imeruka! Nimezitazama zote kwa lenzi mpaka machozi yakanitoka. Yangu ni nzuri kuliko yake. Wakaguzi walisinzia!
Dawa ninayo. Navunja kasha lililoandikwa 63, Ijumaa naipeleka kwao upya kwenye maonyesho ya sarafu mjini Columbus, kama hawajawahi kuiona. Majibu siku hiyohiyo. Wajanja wote hufanya hivyo.

Alhamisi, 7 Machi
Gereji. Nyundo. Pigo la kwanza, wapi! La pili, wapi! La tatu kasha likapasuka, sarafu ikaruka, ikagonga jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani, ikabingirika chini ya mashine ya kukatia majani. Mungu wangu! Mama aliyechorwa kwenye sarafu ana mkwaruzo shavuni. Mdogo. Kwa mbali huuoni.

Ijumaa, 8 Machi
Hawakuitazama kwa mbali. Hata namba hawakutoa! Wameandika: imeharibika. Nikakaa sakafuni mbele za watu. Thurman, naye alikuwa amekuja kwenye maonyesho, akanishika bega kwa upole, na hapo ndipo iliponiuma.
"Shemeji, hata yangu ilikuwa 63," akasema. "Ila mimi nilivunja kasha kwa koleo ya kubania. Taratibu."
Akainunua yangu kwa bei ya uzito wa dhahabu tu. Akanisihi niende moja kwa moja kwa fundi wa paa, nisisimame popote.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika nikiwa garini. Mvua kubwa. Darlene kahamishia kitanda jikoni na mlango kaufunga. Hataki hata kuiona sarafu yangu mpya! Ni ya dola kumi, daraja 62. Niliinunua jana maonyeshoni kwa hela ya Thurman, meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango wa kutokea. Nimeikagua kwa lenzi. Hii ni 63. Ni 64 hata!
Safari hii sina papara. Nimenunua koleo.