Kwanza Ukuta, Halafu Tunisia

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Leo nimekwenda Tunisia. Yaani bado, lakini kwa kinyozi nimeshatangaza kwamba nakwenda, na nikishatangaza kitu kwa kinyozi kimekwisha. Kilichobaki ni ndege tu.

Habari yenyewe ni hii. Binti yetu nesi, anayefanya kazi huko Tunisia mwaka wa nne sasa, kapiga simu asubuhi. Kampatia mama yake tiketi. Kampatia na tiketi ya mtu wa pili, wa kumshika mkono, maana mama ana goti na magofu yana ngazi. Magofu ni yale majengo waliyoacha Warumi, ya miaka karibu elfu mbili. Mengine yamesimama, mengine yamelala. Mke wangu ameyatamani tangu msichana. Jina la huyo mtu wa pili litumwe Jumamosi, lisichelewe.

Nikasema Jumamosi ya nini, jina lipo, mnalijua, andikeni.

Mwenyekiti akanitazama. Mwenyekiti ni mke wangu, maana nyumba hii vikao vyote anafungua yeye na kufunga yeye. Akanitazama, halafu akatazama jikoni. Sasa jikoni kwetu ukuta wa nyuma ulianguka mvua za mwaka juzi. Nikatundika turubai. La muda.

Ieleweke kwamba mimi ni mwashi wa miaka arobaini. Lori liliwahi kugonga ukuta wangu wa posta. Lori likavutwa gereji, ukuta ukapigwa rangi. Lakini mganga hajigangi, na jikoni kwangu sijapata nafasi.

Mwenyekiti akasema hawezi kupanda ndege kwenda kuangalia magofu ya watu na ya kwake kayaacha nyumbani. Ukuta ukisimama kabla ya Jumamosi, nakwenda naye mimi. Usiposimama, anakwenda na kaka yake.

Kaka yake! Shemeji yangu huyo, mwalimu mstaafu wa jiografia. Mtu ukimuuliza saa ngapi anakuanzia na dunia kulizunguka jua.

Ukuta ule ni kazi ya siku mbili. Ninazo tano. Nimelala mchana kukusanya nguvu.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Ukuta sijauanza. Fundi mzuri kwanza anafikiri, na leo nimefikiri mpaka saa sita, chali.

Ikawa kama bahati. Shemeji kapita na kitabu cha picha cha hiyo Tunisia, kumwonyesha dada yake. Alipokwenda kunawa mikono nikakichungulia. (Kusoma nasoma, polepole. Shule sikwenda. Herufi nilijifunzia kwenye mabango ya maduka niliyokuwa napiga lipu, ndiyo maana nikiandika naonekana kama natangaza sabuni.) Nikaona maajabu. Ukuta umeanguka, umezungushiwa kamba, na watu wazima wamesimama mbele yake wanapigwa picha, wanacheka. Hakuna anayemgombeza fundi.

Basi. Vijiti vinne, kamba, nikazungushia lile fungu la matofali nyuma ya jikoni. Nikamwita Mwenyekiti, nikamweleza kwamba kuanzia leo hapa ni magofu, hapaguswi. Huko kwa wenzetu mtu akisogelea na mwiko wa uashi wanamkamata.

Akanisikiliza vizuri sana. Akatikisa kichwa. Akasema ahsante, mzee, kamba ya kuanikia nimekuomba siku nyingi.

Saa nane kwenye magofu yangu kulikuwa na mashuka mawili na suruali yangu mwenyewe. Shemeji alicheka mpaka miwani ikamtoka. Akaniuliza hapa wazee wanaingia kwa punguzo au vipi. Nikamwambia shemeji, wasiojua kazi wanaingia bure, pita tu, jisikie nyumbani.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Shemeji anafanya mazoezi. Kanunua raba mpya, anapanda na kushuka ngazi za posta, anajiandaa na magofu. Watu wanadhani posta wamempotezea barua.

Hii imeniudhi. Nikaamua kumtia hofu, ajitoe mwenyewe. Kila mtu anajua anaogopa kwenda juu. Wakati nyumba yake inapakwa rangi yeye alishika ngazi tu, chini, na bado kizunguzungu kikampata.

Nikamkuta kakaa anapumzika. Nikakaa karibu kwa huruma. Nikamwambia shemeji yangu, nakupenda, ndiyo maana nasema. Ule uwanja wao wa michezo wa mviringo, ule wa ghorofa tatu za matao, unajua umeshikwa na nini? Hakuna kitu. Mawe yamekaa juu ya mawe, hakuna simenti wala chokaa, ni ubishi tu. Ukikohoa huko juu umekwisha. Nikamwambia nimeelezwa na fundi aliyefika. Hakuna fundi. Nilimtunga pale pale, nikampa na ndevu.

Shemeji akafuta miwani. Akasema ni kweli kabisa.

Jamani. Nimedanganya, ikawa kweli.

Akasema ndiyo ajabu yake hiyo, mawe yalichongwa yakakaliana, yanashikana kwa uzito wake, na yamesimama karne na karne. Akaendelea nusu saa nzima, sijui mfalme gani, sijui mafuta ya zeituni. Mimi sikusikia tena. Nilibaki palepale kwenye "hakuna simenti". Hakuna kukoroga. Hakuna kuchekecha mchanga. Hakuna kungoja ikauke. Miaka arobaini nimekuwa nikikoroga kama punda wa kinu, na wenzangu walishaijua siri zamani.

Nikamshukuru shemeji. Akaniambia karibu, elimu haina mwisho. Nikamwambia ya kwako kweli haina, mimi naondoka.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Ukuta umesimama.

Nilianza baada ya chai, saa sita nilikuwa nanawa. Matofali yale yale ya zamani, makavu, moja juu ya jingine, kama mwenye duka anavyopanga sabuni. Kirumi kabisa. Kwa ndani nikapitisha lipu kidogo ya kuridhisha macho, nyembamba kuliko siagi kwenye mkate wa mgeni asiyetakiwa. Turubai nikalivua. Jikoni pakawa jikoni.

Mwenyekiti alikuwa chumbani kwenye cherehani yake. Nikamwita. Akaja, akasimama. Akagusa ukuta kwa kidole kimoja. Nikabana pumzi, na ukuta nao ukabana.

Halafu akageuza ndoo, akakaa, na akaniambia jambo ambalo miaka yote hii hajaniambia. Kwamba alipokuwa darasa la nne kulikuwa na kitabu kisicho na jalada, na ndani picha ya uwanja ule wa Warumi. Mwalimu wao akasema waliojenga hata majina yao hayajulikani, lakini kazi yao bado imesimama. Yeye akawaza, mimi nitaolewa na mtu anayejenga.

Akasema pia, kusema ukweli, yeye hataki kwenda na kaka yake. Atamfundisha kuanzia mlango wa ndege mpaka wanarudi. Anataka kutembea polepole, ameshikwa mkono na mtu wa kumchekesha.

Nilinyamaza. Naliandika hili maana halijawahi kutokea.

Nilitaka kumwambia kuhusu simenti. Neno lilifika mpaka kwenye koo. Nikaliteremsha na chai.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Siku mbaya. Nitaieleza upesi maana mgongo unauma.

Asubuhi Mwenyekiti kasema anataka misumari mitatu kwenye ukuta mpya, atundike masufuria. Nikamwambia ngoja, lipu haijakauka. Akasema sawa, jioni. Basi nikachukua kigoda changu, nikazunguka nje, nikakaa na mgongo nikauegemeza ukutani. Nimeushikilia kuanzia saa tatu. Jirani akaniuliza naumwa? Nikamwambia nausikiliza ukuta, fundi wa kweli husikiliza. Akaniletea dawa ya malaria.

Saa kumi shemeji akaja kutoa pongezi. Pongezi gani, macho ya mkaguzi. Na kaja na zawadi, kalenda yenye picha ya uwanja ule ule, itundikwe kwenye ukuta wa fundi wetu. Kwa ndani nikamsikia Mwenyekiti anampa nyundo.

Nikapaza sauti, shemeji, tundika ukuta wa mlangoni, huo ndio wenye mwanga. Akajibu huo una masizi. Nikamwambia masizi yanalinda karatasi. Mwenyekiti akauliza mbona sauti ya mzee inatokea ndani ya ukuta.

Nyundo ya kwanza niliisikia kwenye uti wa mgongo kama teke la ng'ombe. Nikasukuma. Ya pili, nikasukuma zaidi, miguu inachimba mchanga. Nikamsikia shemeji anamwambia dada yake, ukuta huu una tabia, ukiupiga unakurudishia. Nikasema kwa sauti ndogo iliyobaki kwamba ni mtindo mpya.

Ya tatu, tofali la juu likanisalimia begani. Likafuata la pili, kumtafuta mwenzake. Nina miaka sitini na minane na niliruka kama mbuzi. Ukuta ukaja nyuma yangu, taratibu, hauna haraka, kama mama mnene anayekaa kitini. Ukakikalia kigoda changu. Hakuna aliyeumia ila hicho.

Vumbi lilipotulia nikamwona shemeji kasimama kwenye uwazi, nyundo mkono huu, kalenda mkono ule, msumari kauuma kwa meno. Nyuma yake Mwenyekiti na sufuria.

Mwenyekiti akapita juu ya matofali. Akaokota moja. Akaligeuza huku, akaligeuza huku. Akapitisha kidole. Juu na chini yake hata chembe ya simenti haipo. Akaniuliza, umeujenga hivi? Nikamwambia Warumi. Shemeji, na msumari mdomoni, akasema Warumi walichonga mawe kwanza. Mwenyekiti akamwambia wewe nyamaza. Mimi hakuniambia kitu, akaingia ndani.

Angenigombeza ningejua pa kusimama. Chakula kaniwekea mezani, kakifunika, kaenda kushona. Cherehani haikuvuma hata kidogo. Nilisikiliza.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Kikao. Mwenyekiti, mimi, shemeji. Simu ya kumpigia binti iko katikati ya meza.

Shemeji kaja amevaa raba. Na nywele kazichana, zile tano.

Nilikuwa nimejiandaa kujitetea. Nilikuwa na habari ya tetemeko dogo la Ijumaa ambalo lilipita kwetu tu. Lakini nilipomtazama Mwenyekiti habari ikaniponyoka. Nikasema nimekosa. Nikasema juzi alipoeleza ya darasa la nne nilitaka kusema, nikaogopa. Nikasema aende na kaka yake, goti lake lisipate shida. Hayo nilisema mimi, kwa mdomo huu. Hata sasa sijui yalitoka wapi.

Mwenyekiti akasema amefikiri tangu jana. Kaka yake ni mtu wa kuaminika, ukimwachia nyumba unaikuta. Mimi nimeangusha ukuta yeye akiwa amesimama jikoni, je, nikibaki peke yangu wiki mbili? Atarudi akute paa liko kwa jirani. Mtu kama huyu haachwi nyumbani. Mtu kama huyu unasafiri naye, unamshika mkono, unaona anachofanya.

Akachukua simu, akamtajia binti jina langu. Herufi moja moja.

Shemeji akavua miwani. Mwenyekiti akamwambia kaka, kwa sababu wewe ndiye unayeaminika, ukuta utaujenga wewe. Simenti imeshaletwa. Nami nitakuletea kitabu kikubwa zaidi.

Akaniambia nisithubutu kucheka. Halafu akaanza yeye, mpaka akashika meza.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Leo nimepita kwa kinyozi, nikamweleza yote. Kwamba ukuta ule niliulegeza makusudi. Kwamba mtu wa akili anajua lini aangushe. Ningeujenga kwa simenti sasa hivi ningekuwa nakoroga na shemeji yuko Tunisia. Kinyozi hakusema kitu. Walionielewa huwa hawasemi.

Shemeji yuko nje anajenga. Kaweka pimamaji, kaweka kitabu wazi juu ya mfuko wa simenti, tofali moja robo saa. Nimemtolea kiti kivulini, nikakaa mimi, nikamwambia shemeji, simenti ni uharibifu. Akaniuliza kwa nini nisinyanyuke nimsaidie. Nikamwambia msafiri hajichafui.

Mwenyekiti anapanga begi. Kila mtu na begi moja. Alipokwenda kumpelekea kaka yake maji, nikatoa mashati mawili, nikaingiza mwiko na timazi ya kunyooshea kuta, nikafunika na soksi. Maana ule uwanja wao nimeuangalia vizuri kwenye kalenda. Upande mmoja umeanguka kabisa, mawe yao yanazagaa chini, na hakuna fundi aliyenyanyuka miaka yote hiyo.

Wiki mbili zinatosha. Kwa njia kavu, hata moja. Mwenyekiti nitamwambia ukishasimama.