Chumvi Yenye Kugeuka Bluu

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 8 mwezi wa tatu 1999. Kamina.

Minyi Mbayo Nicodème niko na miaka sabini na moja. Nimepita majina ine ya inchi moja, bibi mbili, meno yote ya juu, na treni zenye zilisema zitarudi kesho. Vita ya leo njo ya ine kwangu. Sihesabu zile za mu nyumba.

Asubuhi Mama Albertine wa ku base ya jeshi alikuja. Bwana yake ni ajida Likoke, fundi wa avioni, ndege za jeshi. Balimupeleka mbele, ku vita, mwezi wa munane, upande wa Kabalo. Tangu Noeli hakuna habari. Alimuachia bibi kisanduku kikubwa cha kioo chenye maji ya bahari. Piloti mumoja mugeni alimupa wakati alirudia kwao. Ndani iko samaki mbili, rangi ya machungwa, mistari nyeupe. Zinalala mu ua. Ile ua si ua, ni nyama yenye uhai! Inafungua vidole, inafunga vidole. Ningeshangaa mbele ya muke wa bantu? Hapana. Nilisema tu: ah, hii, ku Lobito, ku bahari, iko mingi.

Shida yake: chumvi iliisha. Kuna chumvi ya piloti, mu gunia, ya kutengeneza bahari. Jana alipangusa ya mwisho. Anasema samaki hizi ni Likoke mwenyewe: zikiishi, naye iko muzima. Alikuja kwangu juu Kamina nzima inajua nani aliona bahari.

Tena alileta karatasi. Likoke alimuambia: chumvi ikiisha, njo ufungue. Amefungua, ni Kifalanse, mwandiko wa kuungana: Likoke Kiswahili anaisema tu, hajue kuiandika. Yeye Kifalanse hana. Kuonyesha babibi ba camp anaona haya, mambo ya bwana na bibi.

Nilivaa uso wa kusoma. Mi Kiswahili naandika na nasoma, herufi kubwa kubwa, missioni ilinifundisha. Lakini hii! Siafu zinakimbia moto. Kurudisha karatasi? Mi? Kifalanse yangu yote ni ile niliona ku dirisha ya wagon ya treni miaka kumi na tisa nikipikia bazungu. Nilisema na sauti ya chini, pole pole: Ne pas se pencher au dehors. Maana yake: usitoe kichwa inje. Nilimugeuzia hivi: bwana yako anasema tafuta chumvi ingine, uliza muzee mwenye aliona bahari.

Alilia. Aliniomba nirudilie Kifalanse, aishike mu kichwa. Nilirudilia mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa muzuri sana.

Mu kitabu hii nasema kweli, hakuna mwenye ataisoma. Lobito sikufika. 1956, tumbo ilinishika, balinishusha Dilolo. Treni ilienda ku bahari bila minyi. Ilirudi kisha siku ine, ikanikamata. Wenzangu balikuwa na ngozi ya chumvi na hadithi. Mi nilichukua hadithi.

Siku ya pili, tarehe 9.

Soko. Kuchagua chumvi ni kazi ya mupishi, si ya mwenye diplome. Niliona tatu. Ya kwanza, ya kijiji ya Mulongo: babibi banachoma majani ya mu maji, banachuja majivu. Rangi ya kijivu, inauma ulimi sawa mukwe. Ya mbili, ya mawe, ya kulambisha ngombe. Ya tatu, nyeupe, laini, ya pakiti, inatoka Zambia.

Nilionja zote mara mbili. Josaphat alifika. Josaphat alikuwa garde-train, mwangalizi wa treni, leo ni muzee wa kanisa, anatembea sawa ile treni iko ingali yake. Aliuliza mbele ya bantu: Mupishi, unatafuta chumvi ao unatafuta maji ya kunywa? Babibi balicheka. Yule mutu alikuwa mu treni ya 1956. Kila mara nasema Lobito, anakohoa.

Halafu Mungu alileta Séphora, enfirmie, muuguzi wa dispensaire. Anapita na kichupa, anatia tone moja juu ya kila chumvi. Ya Mulongo ilibakia vile. Ya mawe, vile. Ya pakiti: bluu! Bluu kabisa! Séphora alisema: hii njo ya muzuri.

Bahari ni rangi gani? Bluu! Chumvi yenyewe imejitaja mbele ya bashahidi. Séphora alinifuata, anasema Papa Mbayo, ni juu ya kuzuia kivimbe cha shingo, ile bluu ni dawa tu. Nilimuuliza: samaki iko na shingo? Alifunga kichupa, alienda. Enfirmie!

Siku ya tatu, tarehe 10.

Nilitengeneza bahari mu beseni ya kufulia. Maji ya mvua, safi. Chumvi ya pakiti, kilo juu ya kilo. Mama Albertine alinionyesha kijiti cha kioo chenye Likoke alikuwa anapimia, namba zake ndogo sawa mayai ya chawa. Nilikisukuma na kidole. Mupishi wa wagon anapima maji ya chumvi na yai. Likizama, bado. Likielea, basi. Nilitia, nilikoroga, nilitia. Yai lilikataa, lilikataa, halafu lilipanda na kutoa mugongo inje sawa kiboko.

Mama Albertine aliuliza kama si mingi. Nilimuambia: Mungu alipima bahari na kijiti? Alicheka. Anasema tangu Noeli hakucheka. Nilitembea mupaka nyumbani na ile kicheko mu mufuko.

Tulitoa nusu ya maji ya zamani, tulimwaga yangu. Samaki zilikimbia huku na huku. Furaha, nilisema.

Siku ya tano, tarehe 12.

Ua imefunga. Jana ilifunga, leo imefunga tena, ndogo, sawa kinywa ya muzee mwenye hana meno. Nilimuambia mama inalala, ku Lobito zinalala vile mwezi wa tatu. Samaki moja inaegemea kioo.

Nilifikiri sana. Mutu mwenye hana nguvu unamupa nini? Chumvi! Niliongeza vikombe mbili.

Siku ya sita, ya posho, tarehe 13.

Zimekufa. Zote mbili. Mama alikuwa soko, aliniachia ufunguo. Zilielea sawa lile yai. Ua ilikuwa inatoa harufu sawa mufereji wa nyuma ya depot ya treni.

Nilikaa juu ya kiti ya Likoke. Nilikuwa na haya ya kukaa, nilisimama. Nilikuwa na haya ya kusimama.

Nilizizika nyuma ya jikoni, mu kitambaa yangu ya kanisa. Kisha akili yangu ilirudi, Mungu asifiwe. Mama moja wa Mulongo anauzishaka samaki ndogo mu ndobo, zingali na uhai. Nilichukua moja yenye kukaribia urefu. Cathy, bibi wa jirani, ako na vernis, rangi ya kucha, machungwa na nyeupe. Nilimuambia ni ya kupaka mukongojo. Nilishika samaki mu kitambaa, nilipaka, nilipuliza. Ilinitazama.

Maji: nilitoa mingi, nilirudishia ya mvua. Ua: sponji ya kunawia, niliikata vidole.

Mama alirudia, aliuliza ya mbili iko wapi. Nilisema ndani ya ua, inazaa. Alipiga magoti mbele ya kioo. Alipiga magoti! Nilisema naumwa, nilienda.

Siku ya Mungu, tarehe 14.

Afazali ningebakia nyumbani. Wakati ya ushuhuda Mama Albertine alisimama. Alisema bwana yake aliacha neno, na ile neno inamushika mikono kila asubuhi. Alifunga macho. Alisema na sauti ya nguvu, mbele ya kanisa yote: Ne pas se pencher au dehors.

Bamwalimu bawili baliinamisha vichwa, mabega yao ilitikisika. Bengine basio na Kifalanse balisema Amina. Josaphat alikohoa, lakini ile kikohozi haikukuwa ya kunichokoza. Alitoka inje.

Alinikamata ku mulango. Alisema: Mbayo, ile maneno nimeipangusa vumbi miaka makumi mbili, wagon kwa wagon. Ulimusomea mutoto wa bantu dirisha? Bwana yake iko mu vita, na weye unamusomea dirisha?

Nilisema ni macho yangu, haione tena. Alisema kesho asubuhi nimuambie, ao yeye atamuambia. Sikukula. Uji ilikuwa na chumvi mingi, ao kinywa yangu.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 15.

Nilienda. Njia ya nyuma ya depot, bantu basinione. Nilikuwa nimepanga maneno. Ya kwanza: Mama, nimekosa. Hiyo nilikuwa nayo mu kinywa, njo samaki iliruka! Kutoka mu maji mupaka chini ya kiti. Kweli ile maji haikukuwa ya kukaa. Mama Albertine aliikamata na mikono mbili, alipiga kelele: Likoke! Likoke wangu! Wakati alifungua mikono, samaki ilikuwa kijivu ya Mulongo. Machungwa yote ilibakia ku mikono yake.

Alitazama mikono. Alinitazama. Alirudisha samaki mu maji. Afazali angenitukana.

Josaphat aliingia na Séphora. Séphora alichukua karatasi na kusoma bila kuvaa uso wowote. Naandika vile aligeuza mu Kiswahili, niione kila siku:

Albertine, chumvi nilihesabia miezi saba. Njo saa yetu. Ikiisha, ruhusa yangu imefika, komanda aliahidi siku kumi. Base sitaweza kupita. Nitakungojea Kabongo kwa dada Béatrice. Samaki usizihurumie, chumvi yao haipatikane kwetu. Panda camion ya kwanza.

Camion, ile lori ya Kabongo, inatokaka siku ya pili ya juma. Ile ya tarehe 9 ilipita ku mulango wake wakati minyi nilikuwa soko nalamba chumvi ya ngombe. Siku nane za ruhusa zimeisha.

Mama Albertine aliniuliza, pole: Papa, unajua kusoma? Nilisema macho. Aliuliza: Na bahari, Papa, uliiona? Nilitazama Josaphat. Yeye anajua Dilolo. Yeye mwenyewe alishusha kisanduku yangu pale. Alifungua kinywa, alinitazama, alifunga. Kisha alisema: Mama, funga mizigo. Bahari haikimbie, camion inakimbia.

Tulifunga mizigo sisi wote. Mi nilifunga sufuria. Nilifunga vibaya, balinifungulia na kufunga upya.

Siku ya tatu, tarehe 24.

Shofere wa Kabongo alirudi. Mvua ilikata njia, balilala mu matope siku mbili. Mama Albertine alifika wakati Likoke anafunga kamba za viatu. Balionana kutoka saa sita mupaka magaribi. Pahali ya siku kumi, nusu ya siku. Ingine yote njo minyi niliikula.

Shofere alinipa karatasi ya Mama Albertine. Nilifungua: Kiswahili, herufi kubwa kubwa, moja moja, sawa za kitabu ya missioni. Aliona, basi. Aliona vile nasoma, na aliniandikia vile:

PAPA MBAYO. LIKOKE ANAULIZA ILE SAMAKI YA VERNIS ULIIPAKA MARA NGAPI. ALICHEKA MUPAKA ALIKAA CHINI. TULICHEKA SISI BAWILI. KISANDUKU CHUKUA.

Nilisoma mara sita. Nililia sawa mutoto. Nilienda kuchukua kisanduku, niliapa mbele yake: hakuna tena kusoma bintu bya bantu, hakuna tena Lobito.

Saa tisa Marie-Thérèse wa camp alikuja, bwana yake naye iko mbele. Ako na karatasi ya jeshi, Kifalanse, muhuri mbili. Anasema balimuambia Papa Mbayo anachungaka maji ya bahari, hawezi kushindwa na karatasi. Ningefanya nini? Mutu anakuja na heshima! Tena leo niko na lunettes, miwani yenye Josaphat alinikopesha. Shida ilikuwa macho tu. Nilimuambia: lete, mama. Kaa. Nilivaa lunettes, na juu yake uso.

Ku Lobito nilifika. Maji ni bluu. Mwenye kubisha aulize Josaphat: minyi niliulizwa mbele yake, na yeye hakukataa.