Kiti cha Kompyuta

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Kioo cha kompyuta kimeanza tena. Saa tatu asubuhi, Sabina yuko wimbo wa ishirini na sita, maandishi yote yakajikunja kutoka pembeni yakaenda kubanana katikati. Sabina akakipiga kofi shavu la kushoto. Yakarudi. Dakika mbili tu, yakajikunja tena. Sababu naijua. Ng'ambo ya barabara Mama Princess alikuwa amewasha fotokopi yake. Kila akitoa nakala, kioo changu kinasinyaa. Yule mama ananinyonya umeme, na anafanya makusudi.

Niandike na hili, maana daftari ni la kumbukumbu. Mimi Yeremia Ngosha nilipunguzwa kazi kwenye chama cha pamba baada ya miaka kumi na tisa. Wenzangu viinua mgongo vyao viliishia kwenye ng'ombe na bia. Mimi nikaenda kwenye mnada wa Wazungu fulani waliokuwa wanafunga mradi wao, nikanunua kompyuta. Nikapanga chumba hapa Kirumba. Juu ya mlango: HUDUMA ZA KISASA NGOSHA. Bosi ni mimi, kuchapa anachapa Sabina. Nilikuwa peke yangu mtaa mzima mpaka alipokuja huyu Dorotea, mama yake Princess, na fotokopi yake.

Kazi iliyopo sasa ni kubwa. Kitabu cha nyimbo cha kwaya, jubilei ni Jumapili tarehe 17. Mzee Kashindye, mwalimu wa kwaya, ana nyimbo arobaini kichwani, nyingi za Kisukuma, alizotunga tangu ujana. Macho yana mtoto wa jicho, haandiki wala hasomi. Wiki ya tatu hii anakuja, anakaa kwenye benchi, anaimba, Sabina anachapa. Hazijaandikwa mahali pengine popote. Ndiyo maana Sabina kaniambia leo niamue: kioo kitengenezwe au kinunuliwe kingine. Nimemjibu kwamba nina mpango. Sina, lakini kesho nitakuwa nao.

Jumanne, 5 Agosti

Amekuja Zadok Owiti, fundi redio wa Mwaloni, mtu wa Shirati. Bisibisi moja, maneno mengi. Amefungua mgongo wa kioo. Katoa vumbi, katoa buibui, katoa mjusi aliyekauka. Kasema koili kubwa ya nyuma imechoka. Kutengeneza ni elfu sabini, koili iagizwe Nairobi. Kununua kioo kingine ni laki mbili na nusu. Kanishauri kirafiki ninunue, kwa sababu kitu kizee ukikiziba huku kinatobokea kule. Nilimtazama vizuri nione kama ananisema mimi.

Kununua siwezi, na si ubahili. Nyimbo zimo humo! Nimeziona kwa macho yangu, zimejipanga ndani ya kioo, wa kwanza mpaka wa thelathini. Nikitupa kioo nimemtupa Mzee Kashindye. Nilipomweleza Sabina alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaweka mkono juu ya lile sanduku la bati ambalo kioo kinakalia.

"Baba, nyimbo hazimo kwenye kioo," akasema. "Zimo humu chini. Kioo ni cha kutuonyesha tu."

Msichana mwema, lakini kozi yake ilikuwa ya miezi sita. Lile sanduku ni kiti. Nimelitazama miaka miwili na halijanionyesha hata herufi moja. Kazi yake ni kuinua kioo ili mchapaji asipinde shingo. Na kuvuma. Kwa nini kiti kivume, sijui. Wazungu.

Jumatano, 6 Agosti

Sabina amemaliza wimbo wa arobaini, kwa makofi na sala. Mzee Kashindye aliomba asomewe wa mwisho, aliomtungia marehemu mke wake. Sabina akasoma. Mzee akafuta macho kwa kofia, akasema sasa hata akifa hazitamfuata kaburini. Mimi pia kuna kitu kiliniingia jichoni.

Kuchapisha vitabu bado, utepe wa printa umekwisha. Sabina kasema ataununua kesho.

Alipoondoka nilifunga mlango nikakaa kwenye kompyuta mwenyewe. Sabina alishanifundisha kibonye cha kuhifadhi. Nimewaandikia barua wakubwa, bila kutaja jina langu. Mwandishi: Raia Mwema. Nimeeleza jinsi mfanyabiashara mmoja, Dorotea, anavyonyonya umeme wa mtaa mzima kwa fotokopi isiyo na uzalendo, na kwamba harufu ya wino wake inafukuza samaki. Kidole kimoja, saa mbili nzima, huku kioo kinajikunja ninasoma kwenye ufa. Nimeipa jina SIRI ili mtu asiiguse. Utepe ukija nitaitoa na kuituma.

Alhamisi, 7 Agosti

Msiba. Sabina kafiwa na shangazi yake Kisesa, kaondoka alfajiri. Aliacha ujumbe kwa mke wangu Kija kwamba nisiguse kitu chochote mezani mpaka arudi. Nisiguse! Nani bosi?

Nikawasha. Kioo kikasema pwaa, kikazima. Nikakipiga shavu la kushoto. Nikakipiga la kulia, maana hata Biblia inaruhusu. Giza tupu. Nyimbo arobaini na barua ya siri, zote zimekufia humo! Jasho likanitoka. Nikamwita Zadok. Akakifunga kioo nyuma ya baiskeli kwa mpira, akakipeleka kwake Mwaloni. Kaomba elfu sabini aagize koili.

Kija nimemwomba pesa yake ya dagaa. Kasema niuze kompyuta ninunue friji, tuuze maji baridi. Huyu mwanamke hana maono.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Siku ya wakulima, na mimi nimevuna!

Mama Princess amevuka barabara mwenyewe. Kaona meza yangu haina kioo, akauliza kwa upole kama nafunga biashara. Nikajibu kwamba niko kwenye ukarabati. Akaniambia na yeye ameanza kuchapa, lakini umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, kioo chake kikapona, sanduku la chini likaungua. Akalitazama langu. Akauliza kama naliuza.

Nikahisi moyo unaruka. Mwanamke ana kioo kizima, amekosa kiti! Nikakaza uso nikataja elfu sabini, nikisubiri anitukane. Hakubisha hata senti.

"Ngosha, una hakika?" akauliza. "Hili si la kuuza ukaja kujuta."

Nikamwambia nina hakika. Akauliza mara ya pili. Nikasema mtoto wa Kisukuma hana kauli mbili. Nikamfungia nyaya, nikambebea mpaka mezani kwake, nikalifuta na vumbi. Wanasema mjini shule. Leo nimemfundisha mtu. Kioo changu kikirudi nitakikalisha juu ya kreti ya soda, kimo ni kilekile. Elfu sabini nimempa Zadok zote, na nikiwa njiani nilicheka peke yangu mpaka mama wa machungwa akaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 13 Agosti

Zadok kaleta kioo. Kinang'aa! Tumekiweka juu ya kreti. Nimekichomeka. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Nikasubiri nyimbo.

Hakuna. Nikakipa muda, kimetoka hospitali. Hakuna. Nikakipiga shavu la kushoto, Zadok akanishika mkono. Akauliza kompyuta iko wapi. Nikamwonyesha. Akasema hapana, hiki ni kioo, kompyuta iko wapi. Nikamwonyesha tena. Akashika ule mkia wa kioo wenye vijino, akautazama, akatazama kreti, akatazama ng'ambo ya barabara ambako Mama Princess alikuwa anachapa huku anatafuna karanga.

"Ngosha," akasema polepole, "kuna sanduku lilikuwa hapa."

Nikamweleza habari ya kiti. Zadok akakaa chini. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

Alhamisi, 14 Agosti

Sabina amerudi kutoka Kisesa. Shikamoo baba, marahaba, pole na msiba. Kisha akaiona kreti. Akasimama. Nilijieleza vizuri sana, nikaanza na faida.

Wakati huohuo mlangoni Mzee Kashindye na fimbo yake. Mwangaluka, akatusalimu, amekuja kuchukua vitabu, wanakwaya wameshashona sare. Kavaa shati jeupe la kuja kupokea vitabu. Nikamwambia vinakauka. Akafurahi. Akasema hata kama hasomi atakishika mkononi, kitamtosha. Akaondoka anapapasa ukuta.

Niliona aibu. Nimeiandika mara moja, sitaiandika tena. Mzee wa watu alinipa alichonacho chote na mimi nimekiuza kama kiti. Chakula cha mchana kilikuwa sato wa nazi na sikumla. Kija aliniangalia, akamfunika na sahani, hakusema neno la friji.

Sabina alivuka barabara kabla sijamtuma.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimevuka na mimi. Hatua kumi na nane, nimezihesabu. Nilipanga kuanza kwa ukali ili anihurumie.

Sikupata nafasi. Mezani kwa Mama Princess vitabu sitini, vimebanwa pini, jalada la njano. Printa yake kubwa bado inatema karatasi na Sabina anazipokea. Mama Princess kasema nyimbo alizikuta ndani ya sanduku siku ileile ya kwanza, akajua si zake, hakugusa hata nukta. Alikuwa anasubiri nije kuziomba. Wiki nzima anasubiri! Karatasi hanidai, ni mchango wake kwa jubilei. Nikamshukuru. Nilimshukuru kweli, kutoka moyoni.

Nikawa nageuka na boksi langu la vitabu, akaniita. Akafungua droo.

"Na hii ilikuwa humo," akasema. "SIRI. Nimekutolea nakala tatu, maana mwishoni umeandika nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Afisa Biashara."

Sabina akainama kuokota pini ambayo haikuanguka.

Mama Princess akaongeza kwamba kuna sehemu ya kurekebisha kabla sijatuma: fotokopi anazo mbili, si moja. Na kuhusu samaki, jana mumewe kanunua sangara mkubwa hapo Mwaloni, labda huyo alikuwa na mafua. Alisema yote hayo kwa heshima, kama karani wa benki. Kisha akanipa karanga. Nilizila, ningefanya nini?

Akatoa na wazo. Nilete kioo changu kwake, aniwekee meza, Sabina achape, faida tugawane. Nikasema nitalifikiria.

Jumapili, 17 Agosti

Jubilei. Kanisa limejaa mpaka nje kwenye mawe. Kwaya imeimba wimbo wa marehemu mke wake Mzee Kashindye, kila mmoja na kitabu chake cha njano. Mzee alikuwa amekishika chake juu chini, anaongoza kwa mkono mmoja, uso umeinuka. Wamama walilia. Nililia na mimi, wala sijali nani kaniona.

Kisha Mzee akaomba kunena. Akasema kuna mtu bila yeye nyimbo zingepotea, anaitwa Yeremia Ngosha. Makofi! Nilimtazama Mama Princess. Alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Hapo mtu muungwana angesema ukweli. Nilisimama niuseme. Lakini waliniletea jogoo, na huwezi kusema ukweli huku umeshika jogoo. Nikasema maneno machache kuhusu teknolojia. Kija anadai yalikuwa dakika ishirini.

Jumatatu, 18 Agosti

Sabina kaja kuniaga, anahamia ng'ambo ya barabara. Kasema nikihitaji kitu yupo palepale. Vizuri sana. Sasa nina mtu wangu ndani ya kambi ya adui.

Wazo la Mama Princess nimelikataa. Nimelala nikilitafakari hili jambo na hatimaye nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Kosa si kuuza kiti. Kosa ni kuamini kwamba nyimbo zilikuwa kwenye kioo. Hazikuwa kwenye kioo. Na Sabina naye alikosea, hazikuwa kwenye sanduku. Ijumaa nilisimama pale nikaona kwa macho yangu zinatoka wapi. Zilikuwa zinatoka kwenye printa! Moja baada ya nyingine, arobaini, hata SIRI ilitoka humohumo. Kila kitu kinakaa kwenye printa. Printa yangu ndogo daima inakwama, kumbe ndani ni tupu.

Nimevuka barabara leo asubuhi. Nimempa Mama Princess kioo changu kizima, kilichotengenezwa majuzi, na jogoo juu yake. Yeye kanipa ile printa kubwa. Sabina alitaka kusema kitu, nikamnyamazisha kwa jicho. Mama Princess aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimwonea huruma, maskini.

Naiandika hii nikiwa nimeikumbatia. Nzito! Nyimbo za watu wangapi zimo humu, Mungu ndiye ajuaye. Kesho nitaitafutia kiti.