Nani Anageuza Vibao Vyangu?

Jumatatu, 4 Machi

Bosi katangaza. Ijumaa Meya atatembea kwa miguu kutoka stesheni hadi maktaba, akifuata vibao tu, bila kuuliza mtu. Vibao ni kazi yangu: nguzo, mshale na dakika za kufika, ili watu waache magari. Meya akifika, mimi mkuu wa kitengo. Akipotea, cheo kinakwenda kwa Rula, mwenzangu ofisini, mtu anayekata hata mkate kwa kupima. Rula kanipongeza. Pongezi za bure sizijui mimi.

Jioni nikaenda kumpeleleza. Kwa pikipiki, nisichoke. Nikaegemea nguzo ya kona ya posta, namchungulia. Kanunua ndizi. Ndizi za nini?

Jumanne, 5 Machi

Nilijua tu. Kibao cha posta kimegeuzwa! Mama mmoja alikuwa anakwenda hospitali, kajikuta kwenye kiwanda cha mbao. Kanisema mbele za watu mpaka nikakosa pa kuficha uso. Fundi wa kuchomelea kaniambia nati hazijakazwa, nguzo ikiegemewa kidogo tu inazunguka. Akaomba azikaze. Nikakataa. Kayajuaje yote hayo? Juzi nilimwona anacheka na Rula.

Jioni, lindo kwenye nguzo ya sokoni. Rula kapita, kaniuliza kama mgongo unaniuma. Mgongo wangu unamhusu nini?

Jumatano, 6 Machi

Cha sokoni nacho kimegeuka. Ninapolinda ndipo anapoharibu. Dharau iliyoje. Dawa yake ninayo: rangi ya bluu isiyokauka haraka. Nimepaka nguzo zote. Atakayekutwa na bluu ndiye mwizi wangu. Nikalinda ya stesheni mpaka miguu ikafa ganzi, lakini roho kwatu.

Alhamisi, 7 Machi

Mke wangu kaniamsha kashika koti langu. Bega zima bluu. Kasema, mume wangu, kikulacho ki nguoni mwako, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Nimemwelewa mara moja: adui yuko karibu. Rula anavaa koti langu! Huwa nalitundika kwenye kiti ofisini, naye ananivizia.

Leo sikulivua kutwa, na joto lote hili. Jioni nimezungukia nguzo zote, moja baada ya nyingine. Kila moja nimeipumzikia kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Meya kavifuata vibao kwa utiifu, kaishia dampo la taka. Kiatu kimoja kimebaki hukohuko. Bosi kaniuliza nina la kujitetea. Nikamweleza habari za koti. Papo hapo akampa Rula cheo. Imeniuma, nisiseme uongo. Mama mkwe nilishamwambia cheo kimeshakuwa changu.

Rula kaja kunipa pole. Eti michoro yangu ni mizuri, nibaki na vibao vyangu, ila fundi akaze nati. Mtu akikuonea huruma, mtazame mikono. Yake haikuwa na tone la bluu. Safi mno. Ameisugua.

Jumamosi, 9 Machi

Nimenunua kufuli la kabati. Koti liko ndani, ufunguo ninao shingoni. Fundi anaanza kukaza nati Jumatatu, kwa hiyo Rula ana leo na kesho tu za kumalizia uharibifu wake. Hanipati. Mkabala na nyumba yake kuna nguzo yangu moja, inapokea mgongo vizuri kuliko kiti cha ofisini. Pikipiki nimeshaiita.